Wacha Mwenye Tangi Alipwe

Kipande cha mpingo kikitumbukizwa kwenye ndoo ya maji huzama kama jiwe. Kipande cha nundu ya buckeye, mti unaomea California, huelea kama kizibo. Vyote viwili hugombewa na wafua visu wa Marekani kwa ajili ya mipini, na kwenye maonyesho makubwa ya visu yanayofanyika Atlanta kila mwaka huweza kukutwa juu ya meza moja, vimepigwa msasa hadi vinang'aa. Lakini havikufika mezani kwa njia moja. Mpingo mkavu hukatwa, ukachongwa, ukabanwa kwenye msuka wa kisu, basi. Nundu ya buckeye ikibanwa ilivyo itakunywa jasho la kiganja, maji ya kuoshea vyombo na mafuta ya kupikia. Itavimba leo na kusinyaa kesho, na haitachukua muda kabla ya kuonekana mwanya kati ya mti na chuma, mwanya wa kuingiza ukucha.

Dawa yake inajulikana. Mti hukaushwa hadi unyevu wa mwisho utoke, ukatolewa hewa, ukanyweshwa rezini nyembamba inayotiririka karibu kama maji, kisha ukapashwa moto hadi rezini igande humohumo ndani. Ni kuushibisha mti ili usiwe na njaa ya kitu kingine. Nundu iliyokuwa laini kiasi cha kubonyea kwa ukucha hutoka nzito, ngumu, yenye kukubali kung'arishwa. Juu ya hilo hakuna ubishi. Ubishi ni juu ya nani aifanye kazi hiyo.

Kauli inayotamba karakanani, hasa kwa wale wanaofua visu jioni baada ya ajira ya mchana, ni kwamba fundi wa kweli hushibisha mbao zake mwenyewe. Kwani anahitaji nini? Pampu ya kunyonya hewa, chombo chenye kifuniko kizito cha plastiki angavu, oveni ndogo ya mezani, na galoni ya rezini. Cactus Juice, inayotoka Texas, ndiyo iliyoieneza desturi hii kuliko nyingine. Anayefunga mbao zake kwenye boksi na kuzituma K&G huko Lakeside, Arizona, au WSSI huko Ionia, Iowa, kampuni za kushibisha mbao, akalipa na kusubiri, huonwa kuwa mvivu, au mtu mwenye pesa za kuchezea, au mjinga anayelipia jina la kampuni. Kauli hiyo ina utamu wa kila kauli inayomsifu mtu kwa kujitegemea. Ila haipiti kwenye mzani, na mzani wenyewe ni ule wa jikoni tu, wa gramu.

Tuanze na pampu. Wengi wanaoinunua huamini kwamba ombwe ndilo linaloivuta rezini iingie ndani ya mti. Ombwe halivuti chochote. Kazi yake ni kuitoa hewa iliyojificha kwenye vinyweleo vya mti, ndiyo maana mapovu hutoka saa baada ya saa hadi mtu akachoka kuyatazama. Kinachoisukuma rezini ndani ni uzito wa hewa ya kawaida, pale vali inapofunguliwa na hewa ikarudi kuikandamiza. Uzito huo una kikomo. Kwenye usawa wa bahari ni takriban kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba, wala hakuna pampu, iwe ya bei gani, inayoweza kuuongeza hata kidogo. Tena hupungua kadiri mtu anavyopanda milima. Fundi wa Denver, mji ulioko mita 1,600 hivi juu ya bahari, anafanya kazi kwa msukumo uliopungua kwa asilimia 17 au 18 ukilinganishwa na wa mwenzake wa Houston. Nairobi iko kundi moja na Denver. Mombasa iko na Houston. Pampu ni ileile, rezini ni ileile, maelekezo kwenye chupa ni yaleyale, na bado matokeo hayawezi kulingana.

Mwenye tangi la chuma haishii hapo. Akishatoa hewa na kuiachia rezini iingie, hulifunga tangi na kuishindilia rezini kwa shinikizo linalozidi lile la hewa. Huu si uvumbuzi wa wafua visu. Mwingereza John Bethell alipata hataza ya njia hiyo, ombwe kwanza na shinikizo baadaye, mwaka 1838, ili mataruma ya reli yanyweshwe kreosoti yasioze ardhini. Njia hiyohiyo ndiyo inayotumika Mafinga, Tanzania, ambako magogo ya mkaratusi yaliyochunwa magome husukumwa ndani ya mitungi mirefu ya chuma na kutoka na rangi ya kijani ya dawa, tayari kusimama barabarani kama nguzo za umeme. Katika kazi ya namna hiyo shinikizo hufika mara 10 ya uzito wa hewa, na hata kupita. Hajasikika Mtanzania anayedai kwamba fundi umeme wa kweli hushibisha nguzo zake mwenyewe uani kwake. Na kwa nguzo ya mkaratusi inatosha dawa ikishika ganda la nje la mti, maana kiini chenyewe hakipitishi. Mpini hauna msamaha huo.

Hapa ndipo penye shauri lote, kwa hiyo panastahili kukaliwa kitako. Fundi wa mpini huanza na pande lenye unene wa sentimita 2.5 au 3. Hulitoboa katikati ili msuka uingie, au hulipasua mbao mbili za kubana chuma ubavuni, kisha huanza kulila kwa mashine ya msasa: pembe zinakwenda, mgongo unaviringwa, tumbo linapata mkunjo wa vidole. Hadi anamaliza, sehemu kubwa ya mti imekuwa vumbi sakafuni. Na iliyokwenda ni ile ya nje, ile iliyoshiba vizuri. Kinachobaki mkononi mwa mteja ni moyo wa pande, mahali ambapo rezini hufika mwisho, ikifika. Mti uliolishwa kwa uzito wa hewa peke yake huenda umeshiba milimita kadhaa kutoka kila upande na kubaki na njaa katikati. Kwa macho huwezi kujua. Unang'aa kama wenzake, una uzito wa kuridhisha, na kasoro yake itajitokeza baada ya gundi kukauka na pesa kupokelewa.

Kabla ya kufika huko, kuna mitego mingine. Mti unaoingia kwenye rezini hizi za kupika unatakiwa uwe mkavu kabisa, si mkavu wa seremala. Seremala akipata ubao wenye unyevu wa asilimia 10 anashukuru Mungu. Kwa Cactus Juice kiasi hicho ni kingi mno: pande linapaswa kukaa ovenini kwenye joto linalopita nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa 24 hivi, kisha lipoe ndani ya mfuko uliofungwa, kwa kuwa likiachwa mezani huanza kunyonya unyevu wa hewa papo hapo. Nani anafanya hivyo kikamilifu mwezi wa saba, karakana ikiwa na joto na unyevunyevu wa Louisiana? Oveni ya mezani nayo ina tabia zake. Kidude cha kupimia kinaonyesha nyuzi 90 na ndani ziko 80 pembe hii, 105 pembe ile. Maji yaliyobaki huizuia rezini kuganda sawasawa. Ikija zamu ya kupika, rezini hupanuka na kutoka kabla haijashika, ndiyo sababu mapande hufungwa kwa foili, na kila tone linaloonekana limekauka kwenye foili lilikuwa ndani ya mti saa moja iliyopita.

Halafu kuna mti wenyewe. Mwaloni mwekundu una mirija iliyo wazi kiasi kwamba mtu anaweza kupuliza hewa upande mmoja wa kipande kifupi na mapovu yakatoka upande wa pili. Mwaloni mweupe, ndugu yake, mirija yake imezibwa na vizibo vya asili. Ndiyo maana mapipa ya wiski hutengenezwa kwa huo na si kwa ule. Mtu anayeitupa miwili hiyo kwenye chombo kimoja kwa muda mmoja anajidanganya. Aliyeshughulika na maelfu ya mapande ya miti tofauti anaujua ubishi wa kila mti, na sehemu ya malipo yake ni ya ujuzi huo.

Sasa hesabu. Tuchukue fundi anayetengeneza visu 12 kwa mwaka, idadi isiyo ndogo kwa mtu mwenye kazi nyingine. Pande la mpini la sentimita 12 kwa 4 kwa 2.5 lina sentimita 120 za ujazo. Likiwa la maple mkavu litakuwa na gramu 85 hivi. Mara 12, ni kilo moja na kijipande. Yaani pampu, chombo, oveni ambayo haitapikiwa chakula tena, galoni ya rezini ya lita 3.8, umeme wa saa nyingi na wikendi kadhaa, vyote vimekusanywa ili kushibisha kilo moja ya mti kwa mwaka. Rezini inayobaki inazeeka chupani. Ni kitu kilichoumbwa kiitikie joto, na stoo ya bati haina huruma nayo. Mtu anayefanya hesabu hiyo kisha akasema kampuni ndiyo inayomla pesa, bila shaka hajahesabu wikendi zake.

Anayeshibisha mamia ya mapande kwa mwaka ni habari nyingine. Huyo na anunue tangi, tena la shinikizo, na afanye kazi vizuri. Lakini huyo si fundi anayejitegemea. Amekuwa kampuni ya kushibisha mbao, na punde wenzake wataanza kumletea maboksi.

Hoja inayobaki baada ya hapo si ya pesa bali ya heshima, na ni dhaifu kuliko zote. Fundi huyohuyo anayeona haya kutuma mbao Arizona hununua chuma kilichokwisha kuyeyushwa na kuviringwa kiwandani. Akitumia chuma kisichoshika kutu, mara nyingi hukituma kipikwe na kuzimwa na wenye tanuri la kazi hiyo. Peters' Heat Treating ya Meadville, Pennsylvania, imepokea visu vya mafundi wasiohesabika kwa shughuli hiyo, na hakuna anayeficha. Wengine hutaja jina la Peters' kwenye maelezo ya kisu kama sifa. Ugumu wa makali, ambao ndio roho ya kisu, unaweza kukabidhiwa mwingine bila aibu, ila ugumu wa mpini hapana? Chama cha American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976 na Bill Moran na wenzake, kina mtihani unaoogopwa: kisu kikate kwa pigo moja kamba nene ya sentimita 2.5 inayoning'inia, kipasue ubao mara mbili, kiwe bado kinanyoa nywele za mkono, kisha kikunjwe nyuzi 90 kisivunjike. Kinachopimwa pale ni chuma na mkono uliokipika. Kama kuna mahali pa kudai kazi ya mtu mwenyewe, ni hapo.

Wala kushibisha mti hakukuwa kazi ya jikoni tangu mwanzo. Katika miaka ya 1960 Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani iligharamia utafiti wa kushibisha mti kwa plastiki na kuigandisha kwa mionzi ya gama, na sakafu za mbao za namna hiyo zikaja kuuzwa. Meli ya Kiswidi Vasa, iliyoopolewa baharini mwaka 1961 baada ya kuzama tangu 1628, ilinyunyiziwa nta ya kuyeyuka majini kwa miaka 17 ili mialoni yake isikunjamane ikikauka. Kuubadilisha mti kutoka ndani kumekuwa kila mara shughuli ya mitambo, muda na watu wasiofanya kitu kingine. Rezini zenyewe nazo si maji ya matunda, licha ya jina la kuchekesha kwenye chupa. Jamii ya methakrilati huweza kuiamsha ngozi na mapafu ya mtu hadi mwili ukaikataa maisha yake yote, na pande ambalo halikuganda vizuri katikati hurusha vumbi la rezini mbichi usoni pa mwenye msasa.

Kuna wanaopinga kutoka upande wa pili kabisa, kwamba mti ulioshibishwa si mti tena, ni plastiki iliyovaa sura ya mti. Hawa wana haki zaidi kuliko wale wa pampu. Wajapani wanaotengeneza visu vya jikoni huko Sakai hutia mipini ya mti wa honoki, mwepesi na mtupu, na mpini ukichakaa hutolewa ukatiwa mwingine. Ni jibu timamu. Ila haliwezi kumsaidia mtu aliyelipia kisu cha kuwinda chenye nundu yenye michoro ya kipekee, iliyogundishwa kwa epoksi na kupigiliwa pini. Na ukweli usemwe: hata mti uliotoka kwenye tangi bora si jiwe. Rezini hujaza vyumba vya mti kuliko kuta zake, kwa hiyo mti bado hucheza, kidogo na polepole. Kampuni inayoahidi zaidi ya hapo isiaminiwe. Malalamiko kuhusu ucheleweshaji pia ni ya kweli. Wiki hugeuka miezi, na mapande machache hurudi na nyufa. Seremala wa Tabora husubiri mninga ukauke kabla hajaugeuza mlango, ijapokuwa mninga hauchezi sana. Mfua visu atume mbao za mwakani mwaka huu.

Wanaochonga kalamu kwa mashine waachwe na pampu zao. Kipande cha kalamu ni chembamba, rezini hufika katikati bila kusukumwa sana, na kikiharibika hasara yake ni ndogo. Kosa lilikuwa kuichukua desturi ya kalamu na kuivisha kisu.

Turudi kwenye ndoo ya maji, maana mpingo unaeleza jambo ambalo watu wa pampu hawalipendi. Kuta za mti wowote, ukiziondolea nafasi zote za hewa, zina uzito wa gramu 1.5 hivi kwa kila sentimita ya ujazo. Mti laini wa gramu 0.45 basi una hewa kwa takriban theluthi mbili na zaidi, na hiyo ndiyo nafasi ya rezini. Mpingo una gramu 1.2 na zaidi. Nafasi iliyobaki haifiki hata robo, nayo imejaa utomvu na mafuta yanayoizuia rezini kuganda. Mpingo tayari umejishibisha wenyewe, taratibu, kwenye mbuga za Kilwa na Lindi, kabla ya mtu yeyote kuwa na pampu. Ndiyo maana huvumilia mate ya wapiga klarineti. Tangu Januari 2017 jamii yake yote ya Dalbergia imo kwenye orodha za mkataba wa CITES, na uuzaji wake nje unahitaji kibali; kuutupa kwenye chombo cha rezini ni kupoteza vitu viwili kwa mpigo. Na bado wapo wanaofanya hivyo, kwa kuwa pampu ipo na lazima itumike. Ukituma mpingo au mti mwingine mzito kama kokobolo kwa watu wa tangi, wanaoijua kazi watakurudishia na kukwambia usipoteze pesa zako. Pampu ya nyumbani haijawahi kumkatalia mtu.

Kwa hiyo mwenye nundu laini ya thamani na ailipie. Aikaushe kwanza hadi chini ya asilimia 10, aondoe magome, akate nyufa. Kila pande alichonge namba kwa ncha ya kisu kwenye kichwa chake, alipime, aandike gramu zake daftarini, ndipo afunge boksi. Likirudi, alipime tena kabla ya kusaini kwamba ameridhika, kisha alipasue moja la bei nafuu katikati na kulitazama. Aliyepelekewa hana pa kujificha mbele ya namba hizo mbili. Na mwenye pampu ya nyumbani naye apime vivyo hivyo, kwa mzani uleule.